Hedhi si mwanzo wa balehe, na ndevu ndiyo kabisa

Nimeambiwa tena, na safari hii kwa furaha: "Daktari, tumewahi. Jana ndiyo kwanza ameona damu, balehe inaanza, tunaomba umsaidie arefuke." Hamjawahi. Mmefika harusini wageni wanaaga.

Hedhi ya kwanza ni tukio la mwishoni. Kwa kawaida huja miaka miwili hadi miwili na nusu baada ya matiti kuanza kuota, na wakati huo kasi kubwa ya kurefuka, ile ya sentimita 8 hivi kwa mwaka, imeshapita. Baada ya kuvunja ungo wasichana wengi huongeza sentimita 5 hadi 7, basi. Aliyevunja mapema sana huwa na akiba zaidi kidogo, aliyechelewa huwa na pungufu. Dawa ya kurudisha miaka hiyo miwili sina, na anayekuuzia ana shida ya pesa, si ya homoni.

Mwanzo wenyewe hauna kishindo. Haipothalamasi, sehemu ndogo ya ubongo, huanza kutoa homoni iitwayo GnRH kwa mapigo, kwanza usiku mtoto akiwa usingizini, tezi ya pituitari iliyo chini yake inaitikia kwa LH na FSH, homoni zinazoamsha ovari na korodani, na kwa miezi kadhaa hakuna mtu nyumbani anayegundua lolote. Kwa msichana, popote kati ya miaka 8 na 13, dalili ya kwanza ni kifundo kigumu chini ya chuchu, mara nyingi upande mmoja, na kinauma kikiguswa. Hapo mzazi hukimbia hospitali akidhani ni saratani. Kwa umri huo saratani ya titi ni nadra mno, na hicho kifundo ndicho titi lenyewe linaloanza. Nawasihi msikubali kirahisi kikatwe "kwa uchunguzi". Kikiondolewa, upande huo hautaota titi tena. Mkikiacha, titi la upande wa pili nalo litaanza baada ya miezi michache.

Kwa mvulana, kati ya miaka 9 na 14, kinachoanza ni korodani kukua. Hakuna anayeona, na mwenyewe hasemi. Sisi hupima kwa shanga za Prader: kamba yenye shanga 12, kuanzia mililita 1 hadi 25. Unashika korodani kwa mkono mmoja, shanga kwa mwingine, unalinganisha. Shanga ya mililita 4 ikilingana, balehe imeanza, hata kama uso ni laini na sauti ni ya kitoto. Baba aliyesimama pembeni huwa anasoma bango la ukutani kwa makini ya ajabu. Kasi kubwa ya kurefuka kwa mvulana huja katikati ya safari, sauti nayo hushuka katika kipindi hichohicho au baadaye kidogo, na ndevu hufunga msafara. Kwa hiyo mvulana wa miaka 14 asiye na ndevu simhangaikii. Mvulana wa miaka 14 ambaye korodani zake hazijafika mililita 4, huyo nataka nimwone. (Na vifua vinavyovimba? Takriban nusu ya wavulana hupata hilo, na kwa wengi huisha ndani ya miaka miwili. Anayevaa sweta kwenye joto kali, muulizeni kwa upole.)

Sasa nywele. Hapa ndipo uvumilivu unaniisha. Mavuzi, nywele za kwapa na harufu ya jasho huweza kuletwa na tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, ambazo zina saa yake tofauti kabisa na ya ovari na korodani. Mtoto anaweza kuwa na nywele bila balehe kuanza, na balehe ikaanza bila nywele. Msichana wa miaka 7 mwenye nywele chache aletwe tumwone, lakini nywele peke yake hazitoshi kumwita aliyebalehe.

Wala mwili hauivishi akili. Msichana wa miaka 10 mwenye umbo la miaka 14 ana akili ya miaka 10, na kumdai busara ya dada mkubwa ni kumwonea. Ile hadithi ya ubongo kukomaa siku ya kutimiza miaka 25 siigusi leo. Hakuna siku kama hiyo.

Msidhani vipimo vyetu ni msahafu. Hatua tano za Tanner, yaani ngazi za ukuaji wa matiti, viungo vya uzazi na mavuzi tunazoandika kwenye mafaili, zilitokana na picha za wasichana 192 na wavulana 228 wa Uingereza, zilizochapishwa mwaka 1969 na 1970. Picha haiwezi kutofautisha titi na mafuta. Kidole kinaweza, lakini kwa mtoto mnene madaktari wawili wanaogusa kifua kimoja wanaweza kuandika hatua mbili, na wote wakaamini wako sahihi. Umri wa mifupa, yaani mifupa imekomaa kiasi gani, nao tunausoma kwa kulinganisha eksirei ya mkono wa kushoto na atlasi ya Greulich na Pyle, kitabu cha picha za eksirei za kila umri, iliyotokana na watoto wa familia zenye uwezo huko Cleveland, Marekani, katika miaka ya 1930 na mwanzoni mwa miaka ya 1940. Naitumia kila wiki, na kila wiki nasita kidogo kabla ya kuandika namba.

Ndiyo maana nikilazimishwa kuchagua kati ya eksirei moja na alama za penseli ukutani zenye tarehe za miaka mitatu, nachukua alama: zinanionyesha kasi ya kurefuka. Mpime bila viatu, visigino na mgongo vikigusa ukuta, macho yakitazama mbele, kila baada ya miezi sita. Ukipima kila wiki utakuwa unapima makosa ya mkono wako.