Mtoto anaharisha? Usiyasingizie meno

"Daktari, ni meno tu yanamsumbua. Bibi yake kasema yakishatoka ataacha." Maneno haya nayasikia kila mara kwenye benchi la kliniki. Mtoto mwenyewe ana miezi saba au minane, midomo imemkauka, utosi umebonyea, na kanga ya mama imelowa matapishi.

Meno hayamfanyi mtoto aharishe. Yanasingiziwa kwa sababu huota katika umri uleule mtoto anapoanza kutambaa na kutia mdomoni kila anachookota sakafuni, huku kinga aliyopewa na mama tumboni ikizidi kupungua. Anayepita katikati ya hayo yote ni kirusi. Wapo wanaoambiwa mtoto ana "meno ya plastiki", wakampeleka kuchokonolewa fizi, pengine kwa spoku ya baiskeli. Kinachotolewa pale ni vichipukizi vya meno yake halisi. Kuhara kunabaki palepale, na kidonda kinaongezeka.

Kirusi kinachoongoza kwa kuwalaza watoto wadogo kwa kuhara ni rota. Ruth Bishop na wenzake walikiona mwaka 1973 huko Melbourne, Australia, walipotazama kwa darubini ya elektroni vipande vya utumbo wa watoto waliokuwa wakiharisha. Jina ni la Kilatini, maana yake gurudumu, kwani ndivyo kinavyoonekana. Kabla ya chanjo, karibu kila mtoto duniani alikuwa amekipata kabla ya kufika miaka 5, awe wa Masaki au wa Tandale, wa London au wa Kigoma. Gramu moja ya kinyesi inaweza kubeba virusi zaidi ya bilioni 10, na vichache sana vinatosha kumwambukiza mwingine. Wako pia virusi wengine wa kuhara: noro, adeno na astro. Noro hana adabu: akiingia nyumbani huwaangusha hata baba na wageni.

Rota kwa kawaida huanza na homa na kutapika, kisha kuhara maji matupu kwa siku 3 hadi 7. Huharibu seli za utumbo mwembamba zinazofyonza maji, na anachokunywa mtoto kinashuka. Hapo ndipo wazazi wengi hukimbilia duka la dawa kununua antibayotiki. Antibayotiki haziui virusi, na zenyewe zinaweza kumzidishia mtoto kuhara. Kinyesi chenye damu ni habari nyingine. Hicho mara nyingi ni bakteria, na mtoto apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Basi tunatibu nini? Tunatibu ukavu, kwa sababu ndio unaoua. Hata utumbo ulioumia hubaki na mlango mmoja wazi: sukari na chumvi vikifika pamoja kwa kipimo sahihi, huvuka, na maji yakavifuata. ORS, ule unga wa sukari na chumvi wa kuchanganya na maji, imetengenezwa kwa ajili ya mlango huo, na ndiyo maana naudhika kidogo nikiona paketi iliyokunjwa juu na kufungwa kwa mpira. Mama kachota kijiko kimoja akakoroga kwenye glasi, akidhani anabana matumizi. Mchanganyiko huo ukiwa mkali mno, chumvi humdhuru mtoto. Paketi ya lita moja huchanganywa yote, mara moja, kwenye lita moja ya maji safi na salama. Angalia kibandiko cha chupa unayopimia, maana zile kubwa za dukani nyingi ni lita moja na nusu. Yakipita saa 24, mwaga, changanya mengine.

Mnyweshe kila anapoharisha: robo hadi nusu kikombe kwa aliye chini ya miaka 2. Akitapika, subiri dakika 10, kisha rudi na kijiko, polepole zaidi. Usimwachishe ziwa wala uji. Zinki apewe kila siku kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekoma: miligramu 10 kwa aliye chini ya miezi 6, 20 kwa aliyezidi hapo.

Usikae nyumbani akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akilegea, macho yakidumbukia, au ngozi ya tumbo ukiifinya ikachelewa kurudi.

Chanjo ya rota hutolewa Tanzania tangu mwaka 2013, matone ya mdomoni wiki ya 6 na ya 10. Aliyechanjwa anaweza bado kuharisha, kwa noro au hata kwa rota yenyewe, ila chanjo hupunguza sana rota kali inayowaleta wodini. Mikono ioshwe kwa maji na sabuni baada ya kumbadili nepi. Sanitaiza haimwezi noro vizuri.

Mama mmoja wa "ni meno tu" alikaa nasi asubuhi nzima na kikombe na kijiko, akilalamika kwamba hajaona dawa yoyote. Dripu haikuhitajika. Saa tisa alasiri alimwinua mwanawe, akashika nepi, akaniita kwa sauti: "Daktari, kakojoa!"