Lagos haina meya

Juzi nilikuwa kwa kinyozi, redio ikasoma habari ya "meya wa Lagos, mji mkuu wa Nigeria". Makosa mawili kwa pumzi moja, na hakuna aliyeshtuka. La mji mkuu limeshasahihishwa sana: serikali ilihamia Abuja tarehe 12 Desemba 1991. Lakini huyo meya ametoka wapi? Aliwahi kuwapo mmoja tu, Dk. Abubakar Olorun-Nimbe, kuanzia 1950 hadi 1953, kisha cheo kikafutwa.

Lagos ni jimbo, moja kati ya majimbo 36 ya Nigeria. Liliundwa tarehe 27 Mei 1967, linaongozwa na gavana, na makao yake ni Ikeja. Ndilo dogo kuliko yote kwa eneo, na karibu sehemu moja kati ya tano yake ni maji.

Nadhani neno "jimbo" ndilo linalotuponza. Mtanzania akilisikia anamuwaza mbunge wake. Mkenya anakumbuka mabishano ya majimbo wakati wa uhuru. Jimbo la Nigeria ni kitu kingine: lina bunge lake linalotunga sheria, lina Mahakama Kuu yake, na kodi ya mshahara wa mfanyakazi inaingia kwenye hazina yake. Kwa hiyo gavana wa Lagos si mkuu wa mkoa aliyeteuliwa, wala si meya. Amepigiwa kura.

Jina nalo lina mambo yake. Lagos ni neno la Wareno, walioona maji kila upande. Kwao lago ni ziwa, na kusini mwa Ureno kuna mji wenye jina hilohilo. Wenyeji wanasema Eko. Wapo wanaolitoa kwenye oko, yaani shamba kwa Kiyoruba, na ikulu ya Oba, yaani mfalme wa jadi wa Lagos, iitwayo Iga Idunganran, inasemekana ilijengwa palipokuwa na shamba la pilipili. Wengine wanasema ni neno la Kiedo, lenye maana ya kambi ya vita, ya jeshi la ufalme wa kale wa Benin (si Jamhuri ya Benin ya leo). Mtu wa Mombasa aliyelelewa akisikia kwao kunaitwa Mvita hahitaji kuelezwa zaidi.

Na Eko ya asili ni kisiwa tu. Kutoka hapo mji ukavuka maji hadi bara. Daraja la Third Mainland, lililokamilika 1990, lina urefu wa karibu kilomita 12, na ukipita juu yake unaiona Makoko: nyumba za mbao juu ya nguzo, moshi wa kukausha samaki, akina mama wakiuza vyakula ndani ya mitumbwi. Lakini jimbo haliishii hapo. Linafika Badagry kwenye minazi, karibu na mpaka wa Jamhuri ya Benin, na mashariki linafika Epe, kwa wavuvi. Hata kiwanda cha kusafisha mafuta cha Dangote, ambacho kila siku naambiwa kiko "jijini Lagos", kiko Ibeju-Lekki, mbali kabisa na kisiwa.

Ukisimulia danfo, yale mabasi madogo ya njano, na konda anayeita "Oshodi, Oshodi!", sema jiji la Lagos, hakuna atakayekulaumu. Ukifika kwenye sheria, kodi au minazi ya Badagry, sema jimbo. Na huyo kiongozi, ndugu mtangazaji, mwite gavana.