Mimea ya siku fupi ni ipi, na mbaazi inangoja nini?

Panda mbaazi za kienyeji, zile za muda mrefu, shambani Kongwa, mkoani Dodoma, mvua za Desemba zinapoanza. Jirani yako achelewe, apande mbegu hiyohiyo mwishoni mwa Januari. Zake zitakuwa fupi kuliko zako, lakini pengo la kuchanua litakuwa dogo kuliko pengo la kupanda. Mbaazi haihesabu tu siku tangu ipandwe. Inangoja usiku urefuke.

Tabia hiyo ya mmea kuchanua kwa kufuata urefu wa mchana na usiku huitwa fotoperiodizimu. Garner na Allard, watafiti wa Marekani, waliieleza mwaka 1920. Walikuwa na tumbaku iitwayo Maryland Mammoth, iliyorefuka majira yote ya joto bila kutoa ua. Walipoifungia gizani sehemu ya kila siku, ikachanua. Mimea ya namna hiyo ikapewa jina la mimea ya siku fupi.

Mimi naona jina hilo linapotosha. Mwaka 1938, Hamner na Bonner walionyesha kwamba kinachopimwa hasa ni giza. Waliukatiza usiku mrefu kwa mwanga wa muda mfupi tu, na mmea ukakataa kuchanua. Mchana walipoukatiza kwa giza, hakikuharibika kitu. Jina sahihi lingekuwa mimea ya usiku mrefu.

Mwanga huo hunaswa na protini ya majani iitwayo fitokromu. Mwanga mwekundu huiamsha, giza huilaza polepole, nayo hushirikiana na saa iliyo ndani ya mmea wenyewe. Usiku ukitosha, jani hutuma ujumbe hadi kwenye ncha ya tawi, na pale palipokuwa patoke jani linatoka ua. Wakulima wa krisanthemu huwasha taa usiku kwa sababu hiyohiyo, miche isichanue kabla ya wakati.

Dodoma iko kama nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Mchana wa Desemba unauzidi wa Juni kwa dakika 40 hivi, tofauti ambayo sisi hatuihisi kabisa. Mbaazi inaihisi, ingawa baridi ya katikati ya mwaka nayo ina mchango wake.

Kwa kitunguu saa hiyo huamua kujaza, yaani kukuza kichwa. Aina nyingi za Ulaya ya kaskazini hutaka mchana wa saa 14 au zaidi, na hapa haufiki hata saa 13. Utamwagilia, utaweka mbolea, utavuna majani. Kabla ya kulipia mbegu, uliza ni ya mchana wa urefu gani.

Zabibu zetu hazisubiri usiku. Zenyewe husubiri mkasi: mkulima akipogoa, macho huchipua na vishada hufuata, ndiyo maana Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka.