Kukanyagakanyaga mafuta hakuwashi gari

Gari la zamani linapiga starta lakini haliwaki, na hakosekani mtu wa kusema: kanyaga mafuta, kanyaga tena! Ushauri huo ni wa enzi za kabureta, ambayo kila ukikanyaga hurushia injini petroli kidogo. Hata humo, ukizidisha, plagi hulowa na cheche hufa. Kwenye gari la injekta, yaani vali za umeme zinazopulizia injini mafuta, kukanyagakanyaga kabla ya kupiga starta hakuongezi mafuta. Kompyuta ya gari ndiyo inayoyapima. Ukinusa petroli, kandamiza pedali hadi chini, ishikilie hapohapo, ndipo upige starta: hewa nyingi itasaidia kukausha plagi. Usiponusa kitu, na gari ni la injekta, washa swichi tu, usikilize pampu ya umeme kwenye tangi. Kimya? Anza na fyuzi yake.