Mara ya mwisho alikuwa mzima saa ngapi?

Mgonjwa wa kiharusi akifikishwa kwetu, mdomo umekwenda upande na mkono mmoja umelegea, swali langu la kwanza kwa aliyemleta ni hili: mara ya mwisho kuonekana mzima ilikuwa saa ngapi? Mara nyingi ninajibiwa saa aliyokutwa ameanguka. Hayo ni mambo mawili. Aliyelala saa nne usiku akiwa mzima, akaamka alfajiri hawezi kutamka kitu, ninaanza kumhesabia tangu saa nne ile ya usiku, maana baada ya hapo hakuna shahidi.

Ninang'ang'ania saa kwa sababu dawa ya kuyeyusha donge la damu lililoziba mshipa wa ubongo, iitwayo alteplasi, ina muda wake. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1995, wenye wagonjwa 624, ulionyesha kwamba alteplasi inasaidia ikitolewa ndani ya saa 3 tangu dalili zianze. Mwaka 2008 utafiti wa Ulaya ukaongeza hadi saa 4 na nusu. Basi mtu akisikia saa 4 na nusu hudhani ana nafasi ya kuoga kwanza! Mshipa mkubwa wa ubongo ukiziba, inakadiriwa seli za neva milioni 1.9 hufa kila dakika. Pembeni ya sehemu iliyokwisha kufa kuna nyingine iliyozimia tu, inayoponea damu kidogo kutoka mishipa jirani. Hiyo ndiyo tunayoigombania.

Wengi huziita aspirini na wafarini "dawa za kuyeyusha damu". Haziyeyushi kitu, zinazuia damu isigande zaidi. Alteplasi huiamsha plasminojeni, protini ambayo tayari imo katika damu ya mgonjwa, ikageuka kuwa plasmini, na plasmini hiyo ndiyo inayozitafuna nyuzi za fibrini zilizolifunga donge.

Lakini kama mshipa umepasuka badala ya kuziba, dawa hiyohiyo ni balaa. Kwa kumtazama mgonjwa kitandani tu siwezi kuapa ni kipi kati ya hivyo viwili, kwa hiyo bila picha ya CT ya kichwa, inayoonyesha ndani ya ubongo, sichomi. Napima sukari pia, kwani sukari ikishuka sana huweza kuigiza kiharusi. Presha nayo lazima iwe chini ya 185/110.

Hata tukichagua vizuri, hatari ipo, na ndugu ninawaambia bila kuzungusha. Katika utafiti ule wa 1995, asilimia 6.4 ya waliopata dawa walivuja damu ubongoni hadi hali ikazorota, dhidi ya asilimia 0.6 ya wasiopata. Hata hivyo vifo havikuongezeka, na waliopona karibu kabisa baada ya miezi 3 walikuwa wengi zaidi upande wa dawa. Ingekuwa mzazi wangu, ningesema achomwe.

Dozi ni miligramu 0.9 kwa kila kilo ya uzito, isizidi 90. Unga ukishatiwa maji, chupa huzungushwa polepole, haitikiswi, la sivyo inajaa povu. Asilimia 10 inasukumwa kwa dakika moja, iliyobaki inapita kwa saa nzima. Tenekteplasi, ndugu yake alteplasi, iliyoidhinishwa Marekani kwa kiharusi mwaka 2025, ni sindano moja ya sekunde chache, na kusema kweli imenipunguzia mahangaiko mengi.

Kisha presha kila dakika 15 kwa saa 2 za mwanzo. Kichwa kikianza kumuuma vibaya au akitapika, nafunga dripu tunarudi kwenye CT. Naangalia na ulimi, hasa kwa wanaotumia baadhi ya dawa za presha kama enalaprili, kwa sababu unaweza kuvimba. Wapo ambao dripu haijaisha, mkono uliokuwa umelala unainuka wenyewe kukuna pua. Wapo wasiobadilika hata kidogo. Donge likiwa kubwa, katika mshipa mkubwa, huenda likahitaji kuvutwa kwa katheta, mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa, na hatungojei dawa ishindwe ndipo tumwite wa katheta. Aspirini inasubiri saa 24, na picha ya pili ya CT.