Harusi Ndogo ya Kinavajo: Kikapu Si Pambo la Meza

Kila msimu wa harusi unapokaribia hapa New Mexico, Marekani, wachumba ambao mmoja wao ni Mnavajo, yaani wa kabila la wenyeji wa asili wa eneo hili, hunijia na ombi lilelile: wanataka sherehe fupi ya wageni wachache, yenye pete, keki na muziki, na katikati yake kiingizwe kikapu cha harusi kwa dakika tano hivi, chini ya mfungishaji ndoa yeyote atakayepatikana. Wanaamini kwamba harusi ikiwa ndogo, mila nayo hupunguzwa mpaka ibaki picha ya kumbukumbu. Katika kazi hii ya kupanga harusi sijakutana na dhana inayonisikitisha kuliko hiyo.

Ukweli ni kwamba kikapu, pamoja na kinachofanyika juu yake, ndicho harusi yenyewe. Husukwa kwa kuzungusha msuko juu ya msuko kuanzia katikati, na ule mkanda mwekundu wenye maumbo meusi hukatwa na njia moja tu iliyo wazi, itokayo katikati hadi ukingoni. Msukaji hodari humalizia ukingo mahali palepale njia hiyo inapoishia, ili mwendesha ibada aweze kuupapasa kwa kidole na kuutambua upande hata gizani, kwa kuwa njia hiyo sharti ielekee mashariki. Ndani yake huwekwa uji mzito wa unga wa mahindi uliopikwa na upande wa bibi harusi. Mwendesha ibada huunyunyizia chavua ya mahindi kutoka mashariki kwenda magharibi, kisha kutoka kusini kwenda kaskazini, halafu akauzungushia kwa kufuata mwendo wa jua. Maharusi hunawishana mikono kwa maji yanayochotwa kwa kata ya kibuyu, kisha huchota uji kwa vidole upande wa mashariki, kusini, magharibi, kaskazini na mwisho katikati, na unaosalia huliwa na jamaa. Anayekiweka kikapu hicho mezani kikiwa kimejazwa maua, njia yake ikitazama popote, hajachanganya mila na usasa. Ameiacha mila nje ya ukumbi.

Baada ya uji huja nasaha. Wazee wa pande zote mbili huwausia maharusi mmoja baada ya mwingine, bila haraka, kuhusu kazi, mifugo, malezi, ulevi na subira, na hapo ndipo wachumba wengi hutaka kukata muda ili wapige picha kabla jua halijazama. Ushauri wangu haubadiliki: punguzeni keki, punguzeni wasindikizaji, mwacheni hata mpiga muziki, lakini nasaha msiziguse. Mila hii ilikuzwa ndani ya hogan, nyumba ya chumba kimoja ambayo mlango wake huelekea mashariki, kwa hiyo uchache wa wageni si jambo geni kwake wala haudai ifupishwe.

Wapo wanaodhani kwamba bila hogan hakuna harusi. Sivyo, nyumba ya kawaida au uwanja wa shangazi unatosha, mradi wazee wameridhika na mashariki imepimwa kwa dira mapema. Wengine husema ndoa ya kikapu haina nguvu kisheria, ilhali sheria ya Taifa la Wanavajo, yaani serikali yao wenyewe, inaitambua ndoa ya kimila, na kula uji katika kikapu kimoja ni miongoni mwa alama inazozitaja. Hata hivyo iandikisheni, kwani bima na urithi huhitaji hati.

Jihadharini pia na vitu vya kuongezea kwenye sherehe. Chombo cha harusi cha udongo chenye midomo miwili, ambacho maduka ya watalii hukiita cha Wanavajo, kina mizizi mirefu zaidi kwa majirani zao Wapueblo, na zile nyavu zenye manyoya za kunasa ndoto ni za Waojibwe, mbali kabisa na hapa. Ile sala maarufu ya kwamba sasa hamtahisi mvua tena, ambayo husomwa kama baraka ya Waapache au ya Wanavajo, ilitoka katika riwaya ya Kimarekani ya mwaka 1947, ikasambaa kwa filamu ya mwaka 1950. Naomba isisomwe mbele ya bibi mzee ambaye anazo sala zake mwenyewe.

Kuhusu mavazi, bibi harusi haambiwi avae ngozi. Blauzi ya mahameli, mkanda wa fedha, mawe ya feruzi, na nywele zilizofungwa nyuma kwa uzi mweupe wa sufu vinatosha, na gauni la kisasa linaweza kuvaliwa jioni.

Lipo pia jambo ambalo hakuna anayeniuliza, nami hulitaja kila mara. Kwa desturi ya zamani mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani, na kwa hiyo mama wa bibi harusi hakuingia harusini. Familia nyingi siku hizi zimeilegeza desturi hiyo, nyingine hazijailegeza, na anayejua ni mama mwenyewe. Aulizwe kabla kiti chake hakijapangwa mstari wa mbele, na aulizwe na binti yake, si na mimi.