Usimfungulie geti siku ya pili

Kila Jumatatu asubuhi, kabla sijamaliza chai, simu huwa imelia mara mbili tatu. Watu huenda Jumamosi kumchukua mbwa kwenye kituo cha mbwa wasio na wenyewe, wakarudi naye Nakuru jioni, na kufikia Jumatatu uvumilivu umewaishia. "Daktari, mbwa hali." "Daktari, amejificha nyuma ya tangi la maji tangu juzi." "Daktari, kule alikuwa mpole, huku ananguruma. Kwani walitudanganya?"

Hawakudanganywa. Baadhi ya mbwa ninaoletewa wametoka KSPCA, shirika la kutunza wanyama, Nairobi. Wengine wametoka kwa watu wa hapa hapa mjini wanaookota mbwa koko na kuwatunza uani hadi wapate mwenyewe. Huko walizoea makelele ya wenzao, saa ya chakula na harufu ya mahali. Kisha siku moja unatiwa ndani ya gari, unatapika kutoka Limuru hadi Gilgil, unashushwa kwenye ua usioujua na watoto watatu wanakupigia makofi. Hata mimi ningetafuta tangi la kujificha.

Kwa uzoefu wangu, mbwa wa kituoni akiharibika, mara nyingi huharibikia kwetu, ndani ya wiki ya kwanza, kwa sababu ya haraka zetu.

Mwalimu mmoja wa Lanet aliniletea jike wa rangi ya kahawia, siku ya tatu tangu amchukue. Alimbeba kwa blanketi akamweka mezani. "Ona alivyotulia," akaniambia. Nikamwonyesha: miguu imekakamaa, mkia umebanwa tumboni, anajilamba midomo ilhali hakuna chakula, na weupe wa macho unaonekana pembeni. Nilimwekea kipande cha matumbo kiganjani, akageuza uso. Mbwa mwenye njaa anayekataa matumbo si mbwa aliyetulia. Basi nikamshusha sakafuni, nikaketi nimempa mgongo, nikaendelea kupiga gumzo na mwalimu kuhusu ada za shule. Kama dakika kumi hivi zikapita, nikahisi pua yenye baridi kwenye kiwiko. Matumbo yakaliwa. Dawa sikumpa, ila bili nilimpa mwalimu.

Nilichomwagiza ni hiki. Siku tatu nne za kwanza mbwa awe na kona moja, yenye kivuli na gunia kavu, na asitolewe humo kwa nguvu. Sementi ya Nakuru usiku wa Julai ni barafu, kwa hiyo gunia si anasa. Mtu mmoja amlishe, saa zile zile. Wageni wasubiri. Watoto waruhusiwe kukaa karibu bila kumgusa, na yeye ndiye aamue kusogea. Uliza kituoni alikuwa akila nini, uanze na hicho hicho, kisha umhamishe polepole kwa muda wa wiki moja. Ugali na omena ni chakula kizuri kwa kuanzia, lakini ugali mtupu kila siku humwacha na njaa ya protini. Maziwa ya ng'ombe, ambayo kila mtu huyaona kuwa ni huruma, huwaharisha mbwa wengi wakubwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha, na vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu. Mchuzi wenu uliobaki jana una vitunguu, nakuhakikishia.

Halafu kuna hili la kumwogesha. Sijui nani alitufundisha kwamba mgeni lazima aogeshwe siku ya kwanza. Mbwa ananuka kituo, ndiyo, na atanuka hivyo wiki moja bila kumdhuru mtu. Ukimshika kwa nguvu na kummwagia maji baridi jioni aliyofika, umemfundisha kwamba mikono yako ni ya kuogopwa. Kibaya zaidi, wengi huogesha kwa dawa ya kupe ya ng'ombe, iliyopimwa kwa kifuniko cha chupa na jirani mwenye ng'ombe wawili. Dawa hizo nyingi zina amitrazi. Ikizidi kipimo, mbwa husinzia, mapigo ya moyo hushuka, mwili hupoa, nimekesha nao. Na kama nyumbani mna paka, hata dawa za kupe za mbwa zinaweza kumuua, hasa zenye permethrini, kwa sababu ini la paka haliwezi kuivunja. Huanza na kutetemeka, kisha degedege. Mpime mbwa uzito kwanza, ndipo ununue dawa.

Nisijifanye malaika. Mwaka wangu wa pili kazini nilichukua dume la kituoni, mwenye madoa usoni. Siku ya kwanza alinilamba mikono, nikajiona nimependwa. Siku ya pili jioni nikamfungulia geti mtu wa boda aliyeleta mtungi wa gesi, na dume lile likapita katikati ya pikipiki na nguzo kama maji. Nilimpata siku ya nne, karibu na jaa la Gioto, akila na wenzake. Nilimwita jina nililompa, ambalo hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba ni lake. Ilinibidi nirudi mara tatu na nyama ndipo akubali kamba. Kulamba kule kulikuwa kuniomba nisimdhuru. Tangu hapo nasema: wiki tatu za kwanza, geti likifunguka mbwa awe amefungiwa kwingine au yuko kwenye kamba, na shingoni awe na ukanda ulioandikwa namba ya simu tangu mchana ule ule wa kwanza.

Upande wa afya, usisubiri augue. Ndani ya wiki moja aje na kadi yake. Akiwa hana kadi, mhesabu kama ambaye hajachanjwa hata kama aliyekupa ameapa. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia umri wa miezi mitatu na kwa kawaida hurudiwa kila mwaka. Kenya ina mkakati wa kumaliza ugonjwa huu kwa binadamu, wa 2014 hadi 2030, na Kisumu na Siaya zilikuwa kati ya kaunti za kuanzia. Hesabu yake inasimama juu ya kuchanja angalau mbwa 70 katika kila 100. Mbwa wako ni mmoja wa hao. Akimuuma mtu katika siku hizo za woga, osheni kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, mtu aende hospitali siku hiyo hiyo, na mbwa afungiwe atazamwe siku kumi. Msimuue. Akifa au akibadilika ndani ya siku hizo, daktari anahitaji kujua.

Watoto wa mbwa wana hatari yao, parvo. Kirusi hiki hukaa kwenye udongo miezi mingi, hata mwaka. Kama mtoto wa mbwa alikufia kwenu kwa kutapika na kuharisha damu, usilete mwingine wa wiki saba kwenye ua huo. Chukua mbwa mkubwa aliyekamilisha chanjo. Sementi inaweza kusafishwa kwa Jik, kipimo kimoja kwa thelathini vya maji, baada ya kuondoa uchafu wote. Udongo hauna Jik.

Kuna jingine ambalo watu huona aibu kuniuliza. Jike aliyeishi mtaani akiwa anadondosha damu nyuma, mwenyewe husema yuko kwenye joto. Joto huisha baada ya wiki mbili tatu. Kama damu inaendelea mwezi wa pili, mara nyingi nikichunguza nakuta uvimbe ulio kama kichwa cha koliflawa. Ni saratani ambayo mbwa huambukizana wakipandana: chembe zenyewe za saratani ndizo zinazohama kutoka mwili hadi mwili. Jina linatisha, lakini ni miongoni mwa saratani chache ninazozitibu nikiwa na matumaini ya kweli. Sindano ya vinkristini mara moja kwa wiki, wiki nne hadi sita, na wengi hupona kabisa. Usimrudishe kituoni kwa ajili hiyo.

Sasa wale wanaotaka mbwa wa ulinzi. Najua ndio wengi, na sioni ubaya. Ninachokataa ni kuniambia, "Nataka ambaye hajahasiwa, ndio awe mkali." Mbwa humbwekea mgeni kwa sababu ua ni wake, na hilo haliondolewi na kisu. Kinachopungua kwa dume aliyehasiwa ni kuruka ukuta kufuata majike na kurudi na masikio yaliyoraruliwa. Usiku anaokuwa kwa jirani, ua wenu unalindwa na nani? Kumlisha pilipili kunamchoma tumbo tu. Kumfungia gizani mchana kutwa kunakupa mbwa mwoga, na mwoga humng'ata mtoto wa nyumbani kabla ya mwizi.

Kituo kikitaka kuja kukagua kwako, usinune. Wanatazama mwanya chini ya ua na mahali pa kulala. Mimi ningeongeza swali moja: nani hasa atamlisha? Mara nyingi aliyejaza fomu anatoka saa kumi na mbili asubuhi kwenda kazini, na anayebaki na mbwa ni dada wa kazi ambaye hakuulizwa na anaogopa mbwa tangu utotoni. Muulizeni. Siku ya kumchukua mbwa, aende naye. Na kama ni nyumba ya kupanga, landilodi naye aulizwe mapema. Nimewahi kupokea mbwa aliyerudishwa baada ya siku tano kwa sababu hiyo tu.

Mwalimu wa Lanet alinipigia wiki ya tano. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepata mjukuu.

"Daktari, amebweka!"

"Amembwekea nani?"

"Mimi. Nilirudi jioni nimevaa kofia mpya."